Kimeta: Kutoka Zizini hadi Ghala la Silaha

Ng'ombe aliyekula vizuri jana jioni anakutwa asubuhi amelala zizini, tumbo limefura, damu nyeusi inamchuruzika puani na sehemu ya haja, na damu yenyewe haigandi. Mfugaji mzoefu wa Monduli, Ngorongoro au Kajiado hahitaji kuambiwa. Ni kimeta.

Bakteria aliyemuua ng'ombe huyo, ambaye wanasayansi wanamwita Bacillus anthracis, ndiye huyo huyo aliyetiwa kwenye bahasha za barua nchini Marekani mwaka 2001. Ndiye aliyetoroka kwenye kiwanda cha jeshi la Kisovyeti mwaka 1979, na ndiye aliyefanya kisiwa kizima cha Scotland kisikanyagwe kwa karibu nusu karne. Magonjwa mengi yamewahi kutamaniwa na majeshi, lakini sijui jingine linaloonyesha waziwazi kama hili namna biolojia ya kijidudu, mwenendo wa binadamu na tamaa ya silaha vinavyoingiliana. Na ukiufuatilia mkasa wake kutoka zizini hadi maabara ya kijeshi, unaona kwamba bakteria mwenyewe habadiliki sana. Kinachobadilika ni watu wanaomzunguka: nani anapata chanjo, nani anaambiwa ukweli, nani anaachwa aendelee na kazi mpaka afe.

Tuanze na kijidudu. Bakteria wengi wakitoka mwilini mwa mnyama huuawa na jua na ukavu. Huyu hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, akakaa udongoni kwa miongo ya miaka bila kula wala kuzaliana. Kiangazi majani yanapobaki mafupi, ng'ombe anayelisha hadi mashinani humeza spora pamoja na vumbi. Zikifika mwilini, zinaamka. Bakteria huzaliana kwa kasi, hujivika utando unaomficha asikamatwe na chembe za kinga, kisha humwaga sumu inayovimbisha mwili na kuua chembe zake. Mnyama akishakufa, damu isiyoganda humwagika, bakteria hukutana na hewa, na hugeuka spora upya.

Hapo ndipo kimeta kinapotofautiana na magonjwa tuliyozoea. Mafua yanamhitaji mgonjwa anayetembea na kukohoa. Kimeta hakina haja na mgonjwa aliye hai, na kwa kawaida hakimtoki mtu mmoja kumwingia mwingine. Njia yake ni kifo cha mnyama. Mzoga usipoguswa, sehemu kubwa ya bakteria waliomo hufa pamoja na kuoza kwake. Ukipasuliwa, ukachunwa, ukagawanywa, ndipo spora zinapoenea ardhini, kwenye visu, kwenye ngozi na kwenye mikono. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu umejengwa juu ya jambo moja ambalo binadamu ndiye mwamuzi wake: anaufanyia nini mzoga?

Kwa binadamu, zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupata kimeta cha ngozi. Huanza kama kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati ambacho, cha ajabu, hakiumi. Mtu anaweza kukaa nacho siku kadhaa akidhani ameumwa na mdudu. Kikitibiwa mapema kwa penisilini au doksisaiklini, kinapona. Kikiachwa, hadi mgonjwa mmoja kati ya watano anaweza kufa. Kimeta cha tumboni, kinachotokana na kula nyama, ni kikali zaidi. Cha mapafuni, kinachotokana na kuvuta spora hewani, ndicho kinachoua kuliko vyote, na ndicho kilichowavutia wanajeshi.

Kuna maelezo mepesi yanayorudiwa kila ugonjwa unapozuka: wafugaji ni wajinga, wanakula kibudu. Siyakubali. Mtazame mfugaji alivyo. Ng'ombe mmoja ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa ukame. Anapoona mnyama anayumba na kuhema, hesabu yake ni ya haraka: amuwahi kwa kisu kabla hajafa, maana akifa mwenyewe ni hasara tupu, na kwa Mwislamu nyama yake inakuwa haramu. Katazo la kula mzoga limewakinga watu wengi kwa karne nyingi bila wao kumjua bakteria. Lakini kumwahi mnyama mgonjwa kwa kisu ndiko hasa kunakomwaga damu yenye vimelea. Sheria ya dini imetimizwa, mfuko umeokolewa, na kimeta kimepata njia.

Mwili nao hautoi onyo. Binadamu ameumbwa na kinyaa. Nyama iliyooza inamtapisha kabla hajaionja, na kinyaa hicho ni kinga ya kibiolojia ya tangu zamani. Nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa kimeta alfajiri bado ni mbichi, nyekundu na haina harufu mbaya. Pua inasema kula. Kwa hiyo mtu anayemlaumu mwenzake kwa kuila anamtaka atumie hisia ambayo mwili haukumpa. Kinachoweza kuziba pengo hilo ni maarifa, chanjo na fidia. Maarifa yanatangazwa kwa redio na kwa mabango. Chanjo hufika kwa kuchelewa. Fidia kwa mfugaji anayekubali kuzika ng'ombe wake mzima mzima ni habari unayoisikia kwa nadra mno.

Matokeo yake tunayo. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wapatao 300 katika hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Mwaka 2016 kilizuka kata ya Selela, wilayani Monduli, kikapiga nyumbu, mifugo na watu kwa pamoja. Mwaka 2023 kusini mwa Zambia wagonjwa wa mwanzo walikuwa wamekula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa. Kufikia Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu katika nchi tano, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe, zaidi ya wagonjwa 1,100 walioshukiwa na vifo 20. Aprili 2025 mizoga ya viboko ilionekana ikielea kwenye Mto Ishasha, ndani ya hifadhi ya Virunga, Kongo. Na haya si ya Afrika peke yake. Mwaka 2016 joto kali liliyeyusha ardhi iliyoganda huko Yamal, Siberia. Paa wa theluji zaidi ya 2,000 wakafa, na mtoto mmoja wa miaka 12 akafa nao. Watu wengi walizungumzia tabianchi, na ni kweli. Lakini wanyama wale walikuwa wameacha kuchanjwa tangu 2007. Spora zilisubiri, serikali ndiyo iliyoacha kazi.

Kinachouma ni kwamba huu si ugonjwa usiojulikana. Robert Koch alithibitisha mwaka 1876 kwamba bakteria huyu ndiye chanzo cha kimeta, na kwa ugunduzi huo akaweka msingi wa elimu nzima ya vijidudu vya maradhi. Louis Pasteur aliwachanja kondoo hadharani mwaka 1881. Katika miaka ya 1930, Max Sterne, akifanya kazi Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata aina ya bakteria iliyopoteza ule utando wa kujifichia, na kutokana nayo ikatengenezwa chanjo ambayo mpaka leo ndiyo inayodungwa mifugo duniani. Chanjo hiyo ni ya bei nafuu. Inatakiwa kurudiwa kila mwaka, basi.

Elimu iyo hiyo iliyozaa chanjo ndiyo iliyowapa wengine wazo la silaha. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walituma maajenti wawaambukize farasi na wanyama wa mizigo wa adui zao. Januari 1917 polisi wa Norway walimkamata baroni mmoja, Otto von Rosen, akiwa na mabonge ya sukari yenye vichupa vya kimeta vilivyofichwa ndani yake. Bonge moja lilihifadhiwa kwenye makumbusho ya polisi mjini Trondheim, na wanasayansi walipolichunguza miaka 80 baadaye, spora zilikuwa bado hai. Mwaka 1942 Waingereza walilipua mabomu ya kimeta kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, walikofunga kondoo. Kondoo walikufa, jaribio likahesabiwa kuwa limefaulu, na kisiwa kikafungwa. Ilibidi mwaka 1986 udongo wake unyweshwe maji ya bahari yaliyochanganywa na formalini, na ni mwaka 1990 tu kilipotangazwa kuwa salama. Katika miaka ileile ya Vita ya Pili ya Dunia, huko Pingfang karibu na Harbin, Wajapani chini ya Shiro Ishii walikuwa wakiwajaribia wafungwa tauni, kimeta na maradhi mengine. Baada ya vita Wamarekani waliwaepusha Ishii na wenzake na mashtaka ili wapate matokeo ya utafiti ule. Sijui jambo lililoitia doa sayansi ya tiba kuliko hilo.

Wapo wanaosema vita viko kwenye damu ya binadamu, hivyo silaha za maradhi ni mwendelezo tu wa maumbile yetu. Mimi naona kinyume. Hasira na woga ni vya maumbile, ndiyo. Lakini kutengeneza silaha ya kimeta si kazi ya mtu mwenye hasira. Ni kazi ya watu watulivu wenye mishahara, wanaoingia zamu saa mbili asubuhi, wanaojaza fomu na kupandishwa vyeo. Biolojia haikuwaamuru. Taasisi ndizo zilizowaamuru, na taasisi zinaweza kuvunjwa.

Hakuna mahali palipoonyesha hilo kama Sverdlovsk, mji ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1979, spora zilitoroka hewani kutoka kituo cha kijeshi namba 19. Katika majuma yaliyofuata watu wasiopungua 66 walikufa. Serikali ikasema walikula nyama yenye kimeta iliyouzwa kimagendo. Ona ujanja wa uongo huo: ulikuwa unaaminika, kwa sababu kimeta cha nyama ni kitu cha kweli na kondoo wa vijiji vya jirani walikuwa wamekufa kweli. Kosa la jeshi likabandikwa wauza nyama.

Waliouvunja uongo huo kwanza ni madaktari wawili wa hospitali ya pale pale, Faina Abramova na Lev Grinberg. Walipowapasua marehemu walikuta tezi za kifuani zimejaa damu na mapafu yamezungukwa na maji. Ugonjwa uliingia kwa pumzi, haukuingia kwa chakula. Makachero wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovyeti, walichukua majalada ya hospitali, lakini madaktari hao walikuwa wamejiwekea vipande vya viungo na kumbukumbu zao. Walivitunza kwa zaidi ya miaka kumi, katika nchi ambayo kosa la namna hiyo lingewagharimu kila kitu.

Mwaka 1992 Boris Yeltsin, aliyekuwa kiongozi wa chama mjini humo wakati wa ajali, alikiri kwamba jeshi ndilo lililohusika. Mwaka huohuo Matthew Meselson wa Harvard aliongoza timu iliyokwenda huko, na mwanasosholojia Jeanne Guillemin akaenda nyumba kwa nyumba akiwauliza wafiwa swali moja la msingi: marehemu alikuwa wapi mchana wa Jumatatu ile? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, karibu wote waliangukia ndani ya ukanda mwembamba ulioanzia kituo cha jeshi kuelekea kusini, na vijiji ambavyo mifugo ilikufa vilikuwa kwenye mstari huohuo, hadi kilometa 50. Upepo ulikuwa umevuma kuelekea huko siku hiyo. Meselson mwenyewe hapo awali alikuwa ameona maelezo ya nyama yanawezekana. Ushahidi ulipompinga, aliufuata. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1994, na inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa afya ya jamii, kwa sababu kilichoshinda dola kubwa ni subira ya kuuliza watu wa kawaida na kuandika majibu yao.

Sasa linganisha na Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kati ya 1978 na 1980, katika miaka ya mwisho ya vita vya ukombozi, zaidi ya watu 10,000 waliugua kimeta na 182 wakafa. Huo ndio mlipuko mkubwa kuliko wote uliorekodiwa kwa binadamu, katika nchi ambayo awali ilipata wagonjwa wachache tu kwa mwaka. Waliougua walikuwa zaidi Waafrika wa maeneo waliyotengewa na utawala wa wazungu. Mwaka 1992 daktari wa Marekani, Meryl Nass, aliandika kwamba mwenendo wa mlipuko ule unatia shaka ya hila ya makusudi. Wengine wamejibu kwamba vita vilitosha: majosho yalifungwa, chanjo zilikoma, waganga wa mifugo hawakuweza kufika vijijini. Kwamba utawala ule ulitia sumu nguo zilizokusudiwa wapiganaji ni jambo ambalo mkuu wake wa ujasusi, Ken Flower, alilikiri mwenyewe kwenye kumbukumbu zake. Kuhusu kimeta, hakuna aliyethibitisha.

Sverdlovsk tulipata jibu kwa sababu palikuwa na hospitali, wapasuaji, makaburi yenye majina na tarehe. Rhodesia vijijini vitu hivyo vilikuwa haba au vilikuwa vimevunjwa. Na hata ukichukua maelezo ya wale wanaokanusha hila, bado kuna kosa la binadamu: utawala uliowanyima watu chanjo na majosho uliwaachia ugonjwa ufanye kazi yake. Kwa mama aliyempoteza mtoto, tofauti kati ya bomu na zahanati iliyofungwa ni ndogo.

Barua za mwaka 2001 zinaonyesha hilo pia. Oktoba 15 barua yenye unga wa kimeta ilifunguliwa katika ofisi ya seneta Tom Daschle, Washington. Wafanyakazi wa bungeni walipimwa na kupewa dawa mara moja. Barua ileile ilikuwa imepita kwenye mitambo ya kituo cha posta cha Brentwood, lakini kituo kiliendelea kufanya kazi hadi tarehe 21. Wafanyakazi wake wawili walikufa. Kwa jumla watu 22 waliugua na watano wakafa. FBI ilihitimisha mwaka 2010 kwamba mhusika alikuwa Bruce Ivins, mtafiti wa chanjo ya kimeta katika maabara ya jeshi la Marekani lenyewe, ambaye alikuwa amejiua mwaka 2008. Jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi likasema mwaka 2011 kwamba ushahidi wa kisayansi peke yake hautoshi kufikia uamuzi wa uhakika. Hofu ilifika hadi kwetu: Oktoba hiyohiyo waziri wa afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua kutoka Atlanta ilikuwa na kimeta. Vipimo vya baadaye havikukuta kitu. Kwa siku kadhaa Nairobi iliogopa bahasha, ilhali kimeta halisi kilikuwa kinaendelea na shughuli zake kwenye maboma ya wafugaji bila mkutano wowote wa waandishi wa habari.

Madhara mengine ya silaha hizi ni shaka zinayoiacha nyuma. Mtu akijua kwamba serikali zimewahi kufanya maradhi kuwa silaha na zikadanganya, atakuwa na haki ya kuuliza. Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa kwa kisingizio cha Ebola na cha usalama huku sehemu nyingine zikipiga kura. Watu wengi wakaamini ugonjwa umeletwa ili kuwanyamazisha. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo. Mlipuko ule wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200. Hakukuwa na silaha ya kibiolojia pale. Kulikuwa na historia ndefu ya kudanganywa, na virusi vikaitumia.

Sheria ya dunia ipo. Itifaki ya Geneva ya 1925 ilikataza kuzitumia silaha za maradhi vitani. Mkataba wa 1972, ulioanza kutumika 1975, ulikwenda mbele zaidi ukakataza kuzitengeneza na kuziweka. Lakini hauna wakaguzi. Umoja wa Kisovyeti uliutia saini na muda mfupi baadaye ukaunda mtandao wake wa siri, Biopreparat. Mazungumzo ya kuuongezea utaratibu wa ukaguzi yalikwama mwaka 2001 baada ya Marekani kuyakataa, na hayajazaa matunda. Tanzania iliutia saini mwaka 1972 na kuuridhia mwaka 2019. Nauunga mkono mkataba huo kwa moyo wote, na bado nasema karatasi isiyo na mkaguzi inategemea watu wa aina ya Abramova na Grinberg, ambao hawapatikani kila mji.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli unaanzia chini. Hakuna serikali itakayotambua kimeta cha hila kama haina desturi ya kutambua kimeta cha kawaida: afisa mifugo wa kata mwenye pikipiki na mafuta, maabara ya kanda inayotoa jibu kabla ya mazishi, muuguzi wa zahanati anayekijua kidonda cheusi kisichouma, na daftari linalosomwa na wa mifugo na wa watu kwa pamoja. Dawati la Afya Moja lililo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, Dodoma, liliundwa kwa fikra hiyo, na ni fikra sahihi. Lakini dawati haliwezi kuchanja ng'ombe.

Madiwani wa wilaya za wafugaji mnapopitia bajeti, ulizeni fungu la chanjo ya kimeta liko wapi, ni dozi ngapi, na zitafika kabla ya kiangazi au baada yake. Ulizeni pia mfugaji atakayekubali kuzika ng'ombe wake bila kumchuna atapewa nini. Jibu likiwa ni hakuna, msipitishe.